Sanifu na jenga kwa jengo la biashara: natoa nyota nne, hizi hapa sababu

Wakuu, nimeulizwa sana hii ishu tangu jengo letu la Tegeta lianze kuingiza wapangaji, kwa hiyo naandika yote mara moja. Huduma ninayoizungumzia ni ile ya kumpa mkandarasi kazi nzima, kuchora na kujenga, msanifu na mainjinia wakiwa chini yake, na bei inajadiliwa vitabu vikiwa wazi badala ya kutangaza tenda na kusubiri bahasha. Jengo ni la biashara, chini kuna fremu na mgahawa, juu ofisi ghorofa nne, hela za familia plus mkopo wa benki. Jina la kampuni siliweki, nitasema mazuri na mabaya yao na sitaki kesi, halafu kampuni zinazofanya hivi mjini zipo kadhaa.

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aishie hapa: mfumo ni mzuri kuliko ule wa zamani, ila usiununue kwa sababu ya haraka kama wanavyojitangaza. Kinachokulipa ni kwamba mjenzi yuko mezani kabla michoro haijafungwa. Na unachopoteza, ambacho kwenye kipeperushi chao hakipo, ni yule mtu aliyekuwa anamkagua mkandarasi kwa niaba yako. Huyo inabidi umlete mwenyewe kwa hela yako, usipomleta hizi nyota nne zinashuka mpaka mbili.

Mfumo wa zamani tunaujua wote. Msanifu anachora, injinia anapiga hesabu zake, QS (mkadiriaji majenzi) anaandaa BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote na vipimo vyake, makandarasi wanaleta bei, mnachukua wa chini maana kwenye kikao cha familia kila mtu anafungua ukurasa wa mwisho tu kuangalia jumla. Jengo letu la kwanza kule Ubungo lilipita njia hiyo. Sasa mkandarasi aliyeshinda kwa bei ya chini anajua vizuri hela yake ataitolea wapi, kwenye mapengo ya michoro, kila anapokuta mchoro wa maji unagombana na wa umeme barua inakuja, kazi ya ziada, muda wa ziada, msanifu anasema mkandarasi hajui kusoma ramani, mkandarasi anasema ramani haijengeki, na wewe uliyekaa katikati ndo unasaini cheki. Na ukweli mchungu ni kwamba kimkataba yule mkandarasi yuko sahihi kabisa. Michoro imeletwa na mwenye mradi, kwa hiyo kasoro za michoro ni za mwenye mradi. Mikataba ya kawaida ya Baraza la Taifa la Ujenzi imekaa kwa mtindo huo, na kitabu chekundu cha FIDIC pia (FIDIC ni shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mikataba yao ya mfano inaitwa kwa rangi ya jalada), mwenye mradi anachora, mkandarasi anajenga alichochorewa.

Huu ugonjwa siyo wa Bongo peke yake. Waingereza walifika mahali ugomvi wa makandarasi na washauri ukawa ni kama sekta ya pili ndani ya sekta, mpaka mwaka 1994 Sir Michael Latham akaandika ripoti nzima kuhusu hilo akitaka watu wafanye kazi kama timu moja. Binamu yangu ni QS na ndiye aliyetushawishi, na mfano anaoupenda kuliko yote ni Terminal 5 ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Pale wenye uwanja, BAA, walifanya kitu ambacho kwa mtu wa kawaida kinaonekana kichaa: wakasema hatari zote za mradi tunabeba sisi, bima ya mradi tunakata moja kwa wote, nyie makandarasi mnalipwa gharama halisi na faida tuliyokubaliana, kazi yenu ni kutatua tatizo na siyo kutafuta wa kumlaumu. Mradi wa pauni bilioni 4.3, ukafunguliwa Machi 27, 2008. Jengo lilikuwa tayari. Ila siku ya ufunguzi mizigo ikakwama, ndege zikafutwa, aibu dunia nzima ikaona, maana wafanyakazi waliotakiwa kuliendesha lile jengo hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Hilo la mwisho lishikeni, nitalirudia kwenye habari ya mgahawa.

Sisi hatukufika huko. Tulichofanya ni mkataba ulioegemea kitabu cha njano cha FIDIC, ule ambao mkandarasi anachora mwenyewe, tukauongezea mambo mawili: bei ya kikomo ambayo ikizidi ni juu yake, na kwamba risiti zote tunaziona, gharama ikishuka chini ya kikomo tunagawana nusu kwa nusu. Kampuni walitaka kutupeleka kwenye kitabu cha FIDIC cha rangi ya fedha (silver), wenyewe wanasema ndo hauna stresi, unakabidhiwa ufunguo tu. Binamu akakataa, akasema pale mkandarasi anabeba karibu kila hatari na hawezi kuibeba bure, ataiweka kwenye bei hata kama haijatokea, na ukitaka kubadilisha kitu katikati utalia. Serikali ikijenga mradi mkubwa inajua kwa nini inataka bei isiyochezacheza, reli ya SGR kipande cha Dar mpaka Morogoro ilikuwa sanifu na jenga, sawa, lakini serikali ina wataalamu wake na mhandisi mshauri wa kusimamia, familia ya Tegeta haina.

Haya, mazuri.

Kitu cha kwanza kilichonifanya niamini ni bimu. Injinia wa jengo alikuja na bimu zenye kina cha sentimita 60, urefu kutoka sakafu hadi sakafu mita 3.4, kwenye karatasi hakuna mtu angeona shida. Kwenye kikao jamaa wa AC akauliza, hii dakti yangu (njia ya hewa) ya sentimita 30 inapita wapi? Chini ya bimu. Na dari? Chini ya dakti. Akapiga hesabu palepale kwenye gamba la daftari: dari inashuka mpaka mita 2.4, ofisi ya namna hiyo mpangaji akiingia anainama bila kujua kwa nini. Injinia akanuna kidogo, maana ilikuwa kama anafundishwa kazi, halafu wiki iliyofuata akaja na bimu pana zenye kina cha sentimita 40, nondo zimeongezeka, zege karibu lilelile, na dari imepanda hadi 2.6. Na mabomba ya maji taka yaliyokuwa lazima yakatize bimu wakayawekea matundu kabisa, yamechorwa na injinia mwenyewe na nondo za kuyazunguka, mafundi wakafunga vipande vya bomba ndani ya mbao kabla ya kumwaga.

Sasa nendeni Ubungo mkaangalie tulichonacho kule. Bimu za ghorofa ya pili zimetobolewa kwa drili baada ya zege kukauka, nondo mbili zimekatwa, na mpaka leo kuna injinia anasema iko salama na mwingine anasema tuongezee chuma. Tofauti ya kesi hizi mbili ni nani alikuwepo chumbani mchoro ukiwa bado wa penseli. Huyo jamaa wa AC kwenye mfumo wa zamani angeingia saiti wakati slabu ya tatu imeshamwagwa.

Kitu cha pili ni vikaratasi. Kila wiki kwenye kontena la saiti walikuwa wanabandika ukutani vikaratasi vya rangi, kila fundi na rangi yake, fundi umeme njano, bomba bluu, plasta pinki, na kila msimamizi anabandika kwa mkono wake kazi anayoahidi kumaliza na anachohitaji kabla hajaanza. Wanapanga kuanzia mwisho kurudi nyuma. Huu utaratibu umetengenezwa na Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, miaka ya tisini, sikujua kama umefika Tegeta. Mwanzoni niliona kama mchezo wa chekechea, lakini nimemuona kwa macho yangu foromani wa plasta anabandika cha kwake Jumatatu na fundi umeme, kijana mpole tu, anakibandua anakisogeza Alhamisi, anasema "samahani mzee wangu, ukiplasta Jumatatu mi nitakuja kuuchimba huo ukuta, bomba za waya hazijaingia." Mzee akaguna, akakubali, yakaisha. Ubungo ukuta uleule ulipigwa plasta, ukachimbwa, ukapigwa tena, na tukalipia mara mbili.

Na wiki inayofuata wanahesabu wazi mbele ya wote, nani aliahidi nini na katimiza au la, na kama la, kwa nini. Aibu ya kiutu uzima inafanya kazi kuliko faini, niamini.

Vitabu wazi ndo hapo penyewe. Hili ndilo watu wengi wanalifurahia na kulielewa vibaya. Kila mwezi tulikuwa tunapewa faili la risiti za EFD, delivari noti za nondo na saruji, mahudhurio ya vibarua. Ukiona hivyo unajisikia salama. Lakini risiti inaonyesha bei, haionyeshi kama kilichonunuliwa kimeingia kwenye jengo lako. Binamu alichofanya ni kuchukua ratiba ya nondo (orodha ya nondo zote zinazotakiwa kwenye jengo) kutoka kwa injinia, anajumlisha tani za kila saizi, analinganisha na delivari noti. Kuna mwezi nondo za milimita 16 zilizidi sana kuliko ratiba inavyotaka hata ukiweka za kukatika na kupotea. Walipoulizwa wakasema zimenunuliwa mapema kukwepa bei kupanda, na kweli nyingine zilikuwa stoo, zilizobaki hazikuwa na maelezo ya kueleweka na wakaziondoa kwenye hesabu. Simuiti mtu mwizi. Nasema bila mtu anayejua kusoma ratiba ya nondo, vitabu wazi ni picha nzuri tu za risiti.

Na hapa ndo tunafika kwenye shida kubwa ya hii huduma. Kwenye mfumo wa zamani msanifu ni wako, wewe ndo unamlipa, akiona zege limekaa hovyo ana sababu ya kusema livunjwe. Kwenye sanifu na jenga msanifu na injinia wanalipwa na mkandarasi, ada yao inatoka mfukoni mwake, bosi wao ni yeye. Hata wawe waadilifu vipi, siku ambayo kuvunja nguzo kunamtia hasara mtu anayewalipa mshahara, unategemea nini? Nyie mnakumbuka Machi 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilivyoanguka likaua watu 36, na Kariakoo tena Novemba 2024. Sisemi yale yalitokana na mfumo huu, nasema kwa mji wenye historia hiyo mtu kujikagua mwenyewe haitoshi. Bango la saiti lilikuwa limekamilika vizuri, namba za CRB, ERB na AQRB, zile bodi za usajili wa makandarasi, wahandisi, na wasanifu na wakadiriaji majenzi, zote zipo, lakini majina yote ya lile bango yalikuwa ya upande mmoja wa meza.

Kwa hiyo tukaajiri injinia wetu wa kujitegemea, siyo wa kushinda saiti, anakuja kabla ya kila kumwaga zege na anachukua matokeo ya vibonge vya zege (sampuli za kupima nguvu yake) moja kwa moja kutoka maabara, hayapitii kwa mkandarasi. Kampuni hawakulipenda, walisema tunavunja moyo wa ushirikiano. Mimi nikawaambia ushirikiano ni kwenye kupanga, kwenye kukagua tukae mbali mbali kidogo. Mara moja alizuia kumwaga nguzo za chini kwa sababu ringi za nondo zinazozunguka nguzo zilikuwa zimeachana kuliko mchoro unavyosema, wakapoteza siku wakarekebisha, na baada ya hapo foromani alikuwa anampigia simu yeye kwanza kabla hata ya injinia wao. Hiyo hela tuliyomlipa ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kasoro nyingine ni karatasi ya mahitaji ya mwenye mradi, ile unayoandika unataka jengo la namna gani. Kwenye mkataba wa njano mkandarasi anaahidi jengo litafaa kwa matumizi yaliyotajwa, ahadi nzito kuliko ya msanifu wa kawaida ambaye anaahidi umakini wa kitaalamu tu. Nzuri sana, ila inategemea matumizi yametajwa vipi. Kampuni wana fomu yao ya kukusaidia kujaza na imejaa maneno kama "vifaa vya kisasa" na "vigae vya ubora", maneno ambayo hayamfungi mtu. Vyoo vya ofisi vikaja vya kisasa kweli, vya plastiki, vile vya kubonyeza ambavyo kifungo kinabaki mkononi. Walipoambiwa wakafungua fomu, kisasa, ndiyo ni vya kisasa. Tukaongeza hela kubadilisha. Kampuni inayojiita ya kushirikiana ingetakiwa iulize mapema kisasa kipi, na hapo nawakata nusu nyota bila huruma.

Halafu mgahawa. Pamoja na meza kubwa na vikaratasi vyote vile hakuna aliyefikiria kumwita mtu atakayepika. Jengo limefika kwenye rangi ndo mama mwenye mgahawa anakuja kuangalia anauliza moshi unatokea wapi. Kimya. Dakti ya moshi ya jiko la biashara inatakiwa ipande hadi juu ya paa, na ghorofa nne za ofisi zimeshakaa juu yake. Ikabidi ipitishwe nje ya ukuta wa nyuma, inafanya kazi, ila inaonekana, na watu wa zimamoto walitaka maelezo yake kabla ya kutupa cheti. Ndo maana niliwaambia mshike ile ya Heathrow, unaweza kukusanya wajenzi wote duniani kwenye meza moja, kama atakayelitumia jengo hayupo, siku ya kufungua anakuja na swali lake. Famasi iliyochukua fremu ya kona nao walitaka chumba cha baridi na umeme wake, bahati nzuri wao waliwahi.

Benki nayo ilisumbua. Afisa mikopo alizoea BOQ kamili na michoro iliyofungwa, tukampelekea bei ya kikomo na michoro ya nusu, akatuangalia kama matapeli. Ilichukua muda mpaka QS akaandika makadirio ya kila hatua ndo wakakubali kutoa mkopo kwa mafungu. Ukiwa na mkopo jiandae kwa hilo.

Kuhusu muda, tulimaliza nje ya tarehe ya mwanzo, mvua za masika zilitukuta kwenye msingi na lifti ilichelewa bandarini. Hawakudai fidia na sisi hatukuwakata, kila upande ulikuwa na cha kujitetea na tulikaa tukayamaliza kikaoni. Gharama ilishuka kidogo chini ya kikomo, kiasi tulichogawana hakikuwa cha kutisha, kilitosha jenereta. Lakini kumbukeni bei ya kikomo ilipangwa na wao, bila kushindanishwa na mtu. Inawezekana tenda ingeleta namba ndogo zaidi siku ya kwanza. Mi binafsi, kwa ninayoyajua ya Ubungo, namba ya siku ya kwanza siitaki tena.

Nani inamfaa? Jengo lenye mifumo mingi, AC, lifti, majiko, maabara, hospitali ndo kabisa. Kule California kampuni ya hospitali ya Sutter Health ilijenga hospitali ya Castro Valley kwa mkataba mmoja uliosainiwa na pande 11, msanifu, mkandarasi, mainjinia, hadi wa mabomba na umeme, faida zao zote zikawekwa kapu moja na gharama ikizidi kapu ndo linaliwa kwanza, ikafunguliwa 2012. Huko kila mtu anamlinda mwenzake maana hasara ya fundi bomba ni hasara ya msanifu. Kwa hapa kwetu bado sijaona jengo la mtu binafsi likifanywa hivyo. Lakini kama unajenga godauni au fremu za chini tupu, usihangaike na mambo haya, tafuta ramani nzuri, QS mzuri, itisha tenda, maliza.

Na kama huna mtu kwenye familia anayeweza kukaa vikaoni kila wiki na kufanya maamuzi palepale, pia usiingie. Mfumo huu unamla mwenye mradi muda. Ile raha ya kutoa ramani na kurudi kwenye slabu haipo, wanakupigia wanataka jibu la tundu la bomba leo maana kesho wanamwaga.

Kwa sasa tuko kwenye kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anarudi kurekebisha kasoro, hela ya mwisho tunayo sisi. Paa lilivuja upande wa tanki, walikuja, na hapo ndipo nilipoona faida ambayo sikuitegemea: hakukuwa na mjadala wa kama ni kosa la mchoro au la fundi, maana vyote ni vyao, wakabandua, wakapaka upya, wakamwaga maji juu wakayaacha yakae siku kadhaa, halijavuja tena. Bado kuna mlango wa aluminiamu wa ngazi za dharura usiofunga vizuri na pampu ya maji inayopiga kelele usiku, vyote viko kwenye orodha. Hela ya mwisho haitoki mpaka vikamilike, na wanalijua hilo, fundi wa pampu kasema anakuja Jumamosi.